Ngao ni neno lililochorwa: Tumesahau kulisoma?

KUNA maneno ambayo Mwafrika aliyachora kabla ya kuyaandika. Ngao ni mojawapo. Mwanafunzi wangu mmoja, mzaliwa wa Makongeni, aliwahi kuniuliza darasani: "Mwalimu, mbona taifa linaloimba amani kila siku limeweka silaha katikati ya bendera yake?" Swali hilo ni zito kuliko linavyoonekana. Kulijibu kunahitaji somo la lugha na somo la historia kwa pamoja, na sehemu kubwa ya historia hiyo ilitendeka papa hapa Nairobi, katika mitaa ya Eastlands.

Tuanze na neno lenyewe. Ngao ni neno la Kibantu asilia, wala hatukuliazima kutoka kwa Mwarabu, Mreno au Mwingereza. Waganda husema engabo, Wanyarwanda ingabo, Wagikuyu ngo. Msomaji atatambua kwamba pale ambapo jirani zetu wametia sauti /b/, Kiswahili kimeiangusha. Kanuni hiyohiyo ndiyo iliyofanya kubona ya Kinyarwanda iwe kuona kwetu. Kwa hivyo ngao ni neno kongwe, la ukoo mmoja na lugha nyingi za Maziwa Makuu.

La kuvutia zaidi ni maana. Katika Kinyarwanda, ingabo ni ile silaha ya kujikinga, lakini pia ni wanajeshi. Ukisikia redio ya Kigali ikitaja ingabo, mara nyingi habari ni ya majeshi. Kifaa kimesimama mahali pa watu wanaokibeba. Kiswahili kilifuata njia nyingine. Kwetu ngao imeegemea upande wa hifadhi, ndiyo maana twasema mzazi ni ngao ya mwanawe, au katiba ni ngao ya mnyonge. Imefika hata uwanjani: Watanzania hufungua msimu wao wa soka kwa kuwania Ngao ya Jamii. Basi hebu tuliweke akilini jambo hili: neno moja lina nyuso mbili, uso wa vita na uso wa ulinzi. Anayeona ngao ndiye anayeamua ni uso upi anaousoma.

Naomba sasa tuvuke bahari kidogo, hadi Meksiko, kwa sababu kuna watu huko waliolielewa jambo hili mapema na kulifanya kuwa maandishi. Waazteki na majirani zao walizungumza Kinahuatl, lugha ambayo hadi leo ina wasemaji zaidi ya milioni moja na nusu. Waandishi wao waliandika kwa picha. Katika Kinahuatl, mshale ni mitl na ngao ni chimalli. Maneno hayo mawili yakitajwa pamoja, mshale na ngao, hayamaanishi tena vifaa viwili. Yanamaanisha vita. Mchoraji naye alifanya vivyo hivyo: alichora ngao ya duara na mishale nyuma yake, na msomaji akasoma "vita".

Picha hiyo ilitumika hata kuandika majina ya watu. Mfalme wa tatu wa Tenochtitlan aliitwa Chimalpopoca, yaani ngao inayofuka moshi. Ili kuandika jina lake, mchoraji alichora ngao na moshi ukijikunja kutoka kwayo. Hakuhitaji herufi hata moja.

Mhispania aliuteka mji wa Tenochtitlan mwaka 1521. Mtu angedhani kwamba ngao hizo za karatasini nazo zingetekwa. Hazikutekwa. Takriban miaka 20 baadaye, chini ya utawala wa kikoloni, wachoraji wenyeji walitengeneza kitabu ambacho leo kinaitwa Codex Mendoza, na ambacho kimehifadhiwa katika maktaba ya Bodleian, Oxford. Katika ukurasa wake wa mwanzo yupo tai juu ya mpungate, na chini yake ngao na mishale. Katika kurasa zinazofuata, kila mfalme ameketi karibu na ngao na mishale, kisha miji aliyoiteka imepangwa kwa picha za mahekalu yanayoungua. Watu walioshindwa waliendelea kuandika vita vyao kwa mkono wao wenyewe, machoni pa aliyewashinda.

Lakini kando ya picha hizo kuna maandishi ya Kihispania. Mfasiri aliandika kila picha inasema nini ili watawala wa Ulaya waelewe. Mwishoni aliomba radhi kwa haraka iliyompata, kwani alipata siku 10 tu kabla ya merikebu kung'oa nanga. Picha ni ya mwenyeji, maelezo ni ya mtawala. Tafadhali ikumbuke hali hiyo, kwa maana tutakutana nayo tena Nyeri.

Turudi nyumbani. Hata huku kwetu ngao zilisomwa. Wamaasai huiita elong'o, na ile ya zamani ilitengenezwa kwa ngozi ngumu ya nyati, ikatiwa michoro iitwayo sirata kwa rangi nyekundu, nyeupe, nyeusi na kijivu. Michoro hiyo ilieleza mbeba ngao ni wa upande gani na wa rika gani, na kulikuwa na alama ya pekee ya ushujaa ambayo hukujichorea tu kwa kujipenda. Mtu aliyeijua aliweza kumtambua morani kwa mbali kabla hawajasalimiana. Wagikuyu nao walikuwa na ndome, ngao ya mti iliyovaliwa mkononi na vijana walipocheza ngoma za kuelekea jandoni. Nakshi zake zilipakwa upya kwa kila sherehe, zikitofautiana kutoka eneo moja hadi jingine. Haya yote ni maandishi, ila tu hayakufundishwa shuleni.

Mkoloni alipokuja alileta maandishi yake ya picha pia. Bendera ya Koloni ya Kenya ilikuwa ya buluu, pembeni ikiwa na bendera ya Uingereza, na upande wa pili simba mwekundu aliyesimama kwa miguu ya nyuma. Hapakuwa na ngao ya Mwafrika wala mkuki wake. Simba alikuwa peke yake, makucha nje.

Hapo ndipo Eastlands inapoingia. Mitaa hii imejaa vita, ila tumezoea kuvitamka bila kuvisikia. Kariokor ni jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia, lililotafunwa na ndimi za Kiswahili hadi likawa letu. Ukumbi wa Pumwani Memorial ni ukumbusho wa wapagazi haohao. Soko la Burma limebeba jina la nchi ya Asia ambako vijana wetu walipelekwa kupigana na Wajapani katika Vita vya Pili. Mtu akipanda matatu mjini kuelekea Jogoo Road, kondakta anamwitia vita vitatu kabla hajafika Makadara, naye anaangalia simu yake tu.

Kaloleni ni mtaa wa pekee katika hadithi hii. Nyumba zake za mawe zilijengwa katika miaka ya 1940, na ukumbi wake ulikuwa kama bunge la Waafrika kabla hawajawa na bunge. Tarehe 23 Aprili 1950, chama cha Kenya African Union (KAU) na kile cha Wahindi walifanya mkutano wa pamoja katika ukumbi huo. Hapo ndipo mwanaharakati wa wafanyakazi, Makhan Singh, alipotoa hoja ya kudai uhuru kamili wa Afrika Mashariki. Kabla ya mwezi kwisha alikuwa ametiwa mbaroni pamoja na Fred Kubai, na wafanyakazi wa Nairobi wakagoma. Mwaka uliofuata, uongozi wa tawi la KAU la Nairobi ulichukuliwa na watu wa vyama vya wafanyakazi, Kubai akiwa mwenyekiti na Bildad Kaggia katibu. Hawa walikuwa watu wa mitaa ya Waafrika, walioijua kodi ya chumba na foleni ya bomba la maji.

Ni katika mwaka huohuo wa 1951 KAU ilipopata bendera. Mwanzoni ilikuwa nyeusi na nyekundu, na katikati ngao na mshale. Mwaka 1952 ikaongezwa kijani: nyeusi juu, nyekundu katikati, kijani chini, na ngao nyeupe yenye mkuki na mshale uliopishana, pamoja na herufi za chama. Ngao na mshale! Hakuna ushahidi kwamba aliyeichora aliwahi kusikia habari za Kinahuatl, wala hakuhitaji kusikia. Watu walionyang'anywa silaha, pande mbili za dunia, walifikia picha ileile.

Tarehe 26 Julai 1952, KAU ilifanya mkutano mkubwa Nyeri. Maelfu walikuja, na Jomo Kenyatta aliwafafanulia bendera. Maelezo yake yametufikia kupitia kwa afisa wa polisi aliyekuwepo, na yalichapishwa baadaye katika ripoti ya serikali ya mwaka 1960 kuhusu chanzo cha Mau Mau. Kwa mujibu wa afisa huyo, Kenyatta alieleza kwamba nyeusi ni watu weusi, nyekundu inaonyesha damu ya Mwafrika haina tofauti na ya Mzungu, na kijani ni ardhi yenye rutuba ambayo Mungu aliwapa. Lakini sasa kijani kiko chini ya nyekundu, kimekandamizwa. Kuhusu ngao, mkuki na mshale, alisema ni kumbukumbu ya mababu waliolinda nchi kwa silaha hizo. Pia aliwaambia kwamba KAU haikuwa chama cha kupigana, akakumbusha usemi wa kale kwamba aliyepigwa kwa rungu hurudi, lakini aliyeshindwa kwa haki harudi tena.

Katika umati huo alikuwepo mwalimu kijana, Karari Njama, ambaye baadaye aliingia msitu wa Nyandarua na kuwa mwandishi wa Dedan Kimathi. Naye aliisimulia siku hiyo, katika kitabu alichoandika pamoja na Donald Barnett na kuchapishwa mwaka 1966. Njama aliitazama bendera ileile, akasikiliza hotuba ileile, akaondoka na maana nyingine kabisa: nyeusi imetenganishwa na kijani kwa nyekundu. Basi Mwafrika hawezi kuifikia ardhi yake ila kwa kupitia damu.

Mwanaisimu akiyasoma maelezo haya mawili hupata mshangao. Wote wawili, Kenyatta na Njama, hawakuisoma bendera rangi moja moja kama orodha. Waliisoma kwa mpangilio, kama sentensi. Kenyatta alisoma kutoka juu kwenda chini na kuona kitenzi "kukandamiza": nyekundu imekandamiza kijani. Njama alisoma kama njia: ukitoka hapa, utapita hapa, ndipo ufike pale. Maneno ni yaleyale, sarufi ni tofauti. Na ngao iliyokaa katikati ilibadilika kulingana na sentensi iliyoizunguka. Katika usomaji wa kwanza ilikuwa kumbukumbu ya mababu. Katika wa pili ilikuwa agizo.

Na afisa wa polisi? Yeye alikuwa katika nafasi ya yule mfasiri wa Kihispania, anaandika kando ya picha kwa ajili ya wakubwa wake. Miezi mitatu baada ya mkutano wa Nyeri, tarehe 20 Oktoba 1952, hali ya hatari ilitangazwa. Kenyatta, Kubai na Kaggia walikuwa miongoni mwa waliokamatwa usiku huo. KAU yenyewe ilipigwa marufuku Juni 1953.

Eastlands ililipa gharama ya usomaji huo. Tom Mbotela, aliyekuwa makamu wa rais wa KAU na aliyepinga njia ya kumwaga damu, aliuawa Novemba 1952. Diwani Ambrose Ofafa aliuawa mwaka uliofuata. Majina yao tunayatamka kila siku: Mbotela, Ofafa Jericho, Ofafa Maringo. Kisha alfajiri ya tarehe 24 Aprili 1954, wanajeshi na polisi waliizingira Nairobi katika Operesheni Anvil. Walipekua mitaa ya Waafrika nyumba kwa nyumba, wakatenga Wagikuyu, Waembu na Wameru, na zaidi ya watu 20,000 wakapelekwa vizuizini, wengi wao Manyani na Mackinnon Road. Kuna familia ambazo hadi leo huhesabu miaka kuanzia asubuhi hiyo. Nani angethubutu kusema kwamba maana ya picha ni mchezo wa wasomi?

Ndipo tunafika usiku wa tarehe 12 Desemba 1963. Bendera iliyopandishwa ilikuwa na mpangilio uleule wa KAU: nyeusi, nyekundu, kijani. Lakini waliyoyabadilisha ni muhimu sawa na waliyoyabakisha. Kwanza, mshale umeondoka. Ngao ya Kimaasai sasa ina mikuki miwili iliyopishana nyuma yake. Pili, kumeingia mistari myembamba meupe, ambayo maana yake rasmi ni amani. Tazama imewekwa wapi: kati ya nyeusi na nyekundu, na kati ya nyekundu na kijani. Kwa maoni yangu, hapo ndipo sentensi ya Njama ilipopata jibu. Baina ya mtu na damu pametiwa amani, na baina ya damu na ardhi pametiwa amani tena. Damu haikufutwa. Imezungukwa.

Nembo ya taifa nayo ilifanya jambo ambalo hunifanya nitabasamu. Yule simba wa mkoloni hakufukuzwa. Alipewa mwenzake, wakapewa mkuki kila mmoja, wakawekwa kulia na kushoto kuishika ngao ya Mwafrika. Aliyekuwa bwana wa bendera amekuwa bawabu. Ndani ya ngao hiyo yumo jogoo mwenye shoka, ndege wa chama cha KANU. Barabara kuu ya Eastlands, iliyoitwa Doonholm enzi za ukoloni, leo inaitwa Jogoo. Kwa maneno mengine, Kaloleni, Makongeni, Mbotela na Maringo zimepangika kando ya barabara yenye jina la ndege aliye katikati ya ngao ya taifa.

Wimbo wa taifa ulikamilisha kazi hiyo. Katika ubeti wake wa kwanza, kitu kinachoombwa kiwe ngao yetu ni haki. Sikusikia popote kwamba watunzi walikuwa na hotuba ya Nyeri mbele yao, lakini wazo ni lile lile: rungu na haki zimewekwa kwenye mizani, na haki ikatawazwa. Ule uso wa ulinzi ambao Kiswahili kiliuchagua tangu jadi ndio ulioshinda, walau kwa maandishi.

Nasema kwa maandishi kwa sababu msomaji hakufa mwaka 1963. Juni 2024, vijana waliopinga Mswada wa Fedha walijaa katikati ya Nairobi, wengi wakiwa wametoka mitaa hiihii. Walijifunga bendera mabegani na viunoni. Mbele yao walisimama maafisa wa polisi wenye ngao za plastiki ngumu. Ngao mbili zikakabiliana barabarani, moja ya kitambaa na moja ya plastiki. Kijana alisoma ya kwake kuwa ulinzi: mimi ni mwananchi, hii inanikinga. Huenda aliyekuwa mbele yake aliisoma kwa macho ya yule afisa wa Nyeri. Baadhi ya waliojifunga kitambaa hicho hawakurudi nyumbani.

Kwa hiyo jibu langu kwa yule mwanafunzi wa Makongeni lilikuwa hivi. Ngao haiko kwenye bendera kwa sababu tunapenda vita. Iko pale kwa sababu kuna watu walioandika madai yao kwa picha wakati ambapo kuyaandika kwa maneno kulimtia mtu jela, na waliowarithi wakaamua kwa makusudi kuutoa mshale na kuibakisha ngao. Huo ni uamuzi wa kisarufi na wa kisiasa kwa wakati mmoja.

Shule zetu humfundisha mtoto kuichora bendera na kukariri rangi zake: nyeusi watu, nyekundu damu, kijani ardhi, nyeupe amani. Anazitaja kama orodha ya kwenda dukani. Hafundishwi kwamba ni sentensi, wala kwamba sentensi hiyo imewahi kusomwa vibaya na vyema, na watu wakafa kwa usomaji huo. Walimu wa Kiswahili na wa historia wangeweza kulifundisha somo hili pamoja kwa kipindi kimoja tu. Ubao, chaki ya rangi, na kijana wa kuuliza: ukiuondoa mstari mweupe, bendera inasema nini?